Kairoprakta na sayatika yangu: nilitoka Kigoma mpaka Dar, haya ndo niliyoyakuta

Wapendwa, toka nirudi dukani naulizwa kila siku, wengine wanapita tu pale Mwanga wanachungulia mlangoni "fundi, umepona kweli?", wengine wananipigia mpaka usiku maana na wao mguu unawaka moto, sasa nimeona niandike mara moja yote kuhusu sayatika (neva ikibanwa kiunoni, mguu ndo unauma) na kairoprakta (mtaalamu anayetibu mgongo na viungo kwa mikono), nilivyoenda, nilichofanyiwa, hela iliyotoka, na kama ningekuwa na mdogo wangu mwenye shida hii ningemwambia nini. Jina la kliniki siliweki kwa sababu kuna kitu pale sikukipenda na sitaki kumharibia mtu riziki yake, ila huduma yenyewe ntaieleza kama ilivyokuwa.

Mie ni fundi cherehani, huu mwaka wa kumi na tisa. Nashona magauni ya vitenge, sare za shule, na msimu wa harusi ukifika ndo usiseme, nakaa kwenye stuli kuanzia saa mbili asubuhi mpaka adhana ya magharibi, nakula hapohapo, chai hapohapo, kunyanyuka ni mpaka mteja aje kupima. Sikuwahi kuumwa mgongo wa kunilaza. Siku hiyo dada yangu kaniletea dumu la mawese la lita ishirini kutoka kijijini, nikaliinua mwenyewe kwenye kizingiti huku nimejipinda kulisukuma upande wa jikoni, nikasikia kiunoni kitu kama uzi umekatika. Siku mbili mgongo ukauma, nikajipaka mafuta, ukatulia. Siku ya tatu ndo mguu ukaanza.

Na hapa naomba mnisome vizuri maana wengi mnachanganya. Mgongo ulikuwa umeshatulia, kilichokuwa kinauma ni MGUU. Maumivu yalianzia kwenye tako la kulia, pale katikati kabisa unapokalia, yakashuka nyuma ya paja, yakapita nyuma ya goti, yakaingia kwenye kigimbi mpaka ukingo wa nje wa unyayo na kidole kidogo. Yaani ungeweza kuuchora huo mstari kwa chaki ya fundi. Hayakuwa maumivu ya kuchoka, yalikuwa ya kuchoma, kama shoti ya umeme, na nikikohoa au nikipiga chafya nashika ukuta. Kukaa ndo ilikuwa adhabu kubwa kuliko kutembea, sasa fundi asiyeweza kukaa atakula nini jamani.

Alafu ikaja ganzi. Mie nashona peku, mguu wa kulia ndo unaokanyaga pedali, na pedali yangu ni ile ya chuma ya zamani yenye matundu matundu. Siku moja nashona pindo la sketi ya shule mstari ukakimbia ukatoka nje ya kitambaa kabisa, nikaangalia chini nikakuta mguu umeshaikandamiza pedali mpaka mwisho na mie sikuwa na habari. Niliogopa siku hiyo kuliko siku zote za maumivu. Maumivu unayazoea, lakini mguu wako mwenyewe ukufanyie kitu bila wewe kujua, hapana.

Kabla ya kufika Dar nilishazunguka miezi minne. Kituo kimoja hapa mjini niliambiwa ni ngiri, nikachomwa sindano siku tano. Kwingine UTI, nikapewa vidonge. Sehemu zote hizo hakuna hata mmoja aliyeugusa mguu wangu, nilikuwa naeleza mtu anaandika tu kichwa chini. Duka la dawa nikawa nanunua diklofenaki za maumivu kama pipi mpaka tumbo likaanza kuniwaka, msifanye hivyo, zile dawa ukizila muda mrefu bila mtu kukufuatilia zinakuharibu tumbo na figo. Shangazi yangu yeye alishikilia kwamba nimekanyaga kitu nilichotegewa pale mlangoni kwa duka, na simlaumu, maumivu yanayoanza bila jeraha yakatembea mguu mzima mtu ambaye hajaelezwa atafikiri nini? Kuna bibi mmoja Ujiji anakanda kwa mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, huyo alinisaidia kulala usiku mbili tatu, mikono yake ina upole sana Mungu ambariki, ila ilikuwa inarudi. Nikanunua na mkanda wa mgongo elfu thelathini na tano. Mkanda ntaurudia chini.

Neno sayatika nililisikia kwa mtoto wa wifi yangu anayesoma uuguzi. Alinilaza kwenye mkeka, akauinua mguu wangu ukiwa umenyooka, haujafika hata nusu ya kusimama wima nikapiga yowe. Akainua wa kushoto, kimya. Akasema shangazi hii inafanana na sayatika, ni neva imebanwa kiunoni, siyo mguu. Yeye ndo aliyenitajia kairoprakta, huku kwetu sikuwahi kumsikia hata mmoja, akasema Dar wapo.

Safari yenyewe niieleze kidogo maana kwa mwenye sayatika safari ni nusu ya ugonjwa. Basi nililikataa. Kukaa kwenye siti usiku na mchana na matuta yale, mie wa kushindwa kukaa nusu saa? Nilipanda treni, daraja la pili kulala, ni kilomita kama elfu moja mia mbili na hamsini mpaka Dar na inachukua siku zake, lakini unalala. Nililala ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti, kila stesheni kubwa nashuka natembea, Uvinza, Kaliua, Tabora, pale Tabora nilitembea mpaka mwisho wa mabehewa na kurudi. Nilifika nimechoka lakini mguu haukuwa mbaya kuliko nilipoondoka, na hilo kwangu lilikuwa jambo kubwa. Anayetoka huku na shida hii nasisitiza treni.

Sasa kliniki. Nilitegemea nitafika nilazwe nivunjwevunjwe kama zile video mnazotumiana. Haikuwa hivyo. Dokta, kijana tu wa miaka thelathini na kitu, alinikalisha akaniuliza maswali kama dakika arobaini hivi. Ilianza lini, inafika wapi, usiku inakuwaje, nimepungua uzito, natoka jasho la usiku, nina homa, nimewahi kuugua TB mie au mtu wa nyumbani, nina kisukari, natumia dawa za kuyeyusha damu. Akaniuliza mambo mengine mpaka nikaona haya, mama, haja ndogo unaisikia inavyotoka? Ukijisafisha huko unasikia kawaida au kuna ganzi? Nikamwuliza dokta hayo yanahusiana nini na mguu, akasema ukiniambia hapana mama, leo sikugusi, nakupeleka hospitali sasa hivi.

Alafu vipimo. Akauinua mguu kama alivyofanya yule mtoto. Akagonga goti kwa nyundo ya mpira, likaruka. Akagonga nyuma ya kisigino, wa kushoto ukaruka, wa kulia ukabaki umelala pale kama wa sanamu. Akanisimamisha kwa vidole, mguu mmoja mmoja, wa kushoto nikapanda na kushuka mara kumi bila shida, wa kulia mara tatu nikashindwa. Akanitembeza kwa visigino. Akapitisha kijiti cha pamba kwenye unyayo, "mama, hapa unasikia? Na hapa?" Ukingo wa nje sikusikia kitu. Akaniambia kabla hata ya picha yoyote kwamba neva yangu inabanwa pale chini kabisa, pingili ya tano ya kiuno (pingili ni mifupa ya uti wa mgongo) inapokutana na mfupa wa nyonga wa nyuma. Nilishangaa, kumbe mguu wenyewe unasema ni neva ya pingili gani imebanwa ukijua kuusoma. Ingekuwa ni ya pingili ya juu yake, ganzi ingekuwa juu ya mguu na kidole gumba ndo kingekuwa dhaifu. Nikamwuliza kuhusu eksirei akasema eksirei inaonesha mfupa, diski (mito ya kati ya pingili) na neva haivioni, na MRI, ile picha inayoviona, angenishauri kama nguvu za mguu zingekuwa zinaendelea kupungua au kama tungefika wiki sita bila mabadiliko. Hakunichukulia hela ya picha nisiyoihitaji, hapo nilimheshimu.

Alivyonieleza nawapa kwa lugha yangu ya ufundi. Neva ya sayatika ndo neva nene kuliko zote mwilini, imekaribia unene wa kidole. Haitoki sehemu moja, ni nyuzi kama tano zinazotoka kwenye matundu ya pingili za chini, kuanzia ya nne ya kiuno kushuka, zinasokotwa pamoja kuwa kamba moja, inapita ndani ya tako chini ya msuli, inashuka nyuma ya paja, karibu na goti inagawanyika. Kati ya pingili na pingili kuna diski. Diski ni kama mto wa kochi, nje kitambaa kigumu cha matabaka, ndani kitu laini cha kutelezateleza. Ukikaa umejikunja miaka kumi na tisa mshono wa nyuma unachoka, siku ukiinua dumu huku umejipinda mshono unaachia na kile cha ndani kinachungulia nje, na hapo nje ndo neva inapita. Inabanwa, na siyo kubanwa tu, kile kilichotoka kinaiwasha neva inavimba, ndo maana panachoma. Nikikohoa presha inapanda ndani na kile kitu kinasukumwa zaidi. Baada ya miezi minne ya ngiri na UTI na kutegewa, mtu kunieleza hivyo nililia pale pale. Akaongeza kwamba siyo kila sayatika ni diski, kuna wazee ambao tundu la mgongo limekuwa jembamba, hao wakitembea wanaumia wakiinama wanapata nafuu, kuna pingili kuteleza mbele ya mwenzake, na kuna msuli wa kwenye tako kukaza. Kwa hiyo jirani yako akikuambia yeye alipona kwa zoezi fulani, usilifanye kabla hujajua yako ni ipi.

Matibabu yenyewe siku ya kwanza: kitanda chake kimegawanyika katikati, unalala kifudifudi, nusu ya miguu inashuka polepole na kupanda, yeye mkono mmoja umeshika mgongo pale pale penye shida, anakivuta kitanda kidogo kidogo, sekunde chache anaachia, tena, tena. Hakuna mlio. Nilisikia kama mtu ananifungulia kitu kilichokazwa. Kikao cha tatu ndo akanilaza ubavu akafanya ule msukumo wa ghafla, ukalia "ko". Nikadhani mfupa umerudi mahali pake. Akacheka kwa upole akasema hapana mama, hakuna mfupa uliokuwa umehama, huo mlio ni gesi ndani ya ute wa kiungo, kiungo kikifunguka haraka kinatengeneza povu, kinaweza kisilie kabisa na tiba ikawa imefanya kazi vilevile. Nawaandikia hili kwa sababu kuna watu wanalipia mlio. Mtu yeyote akikuambia mfupa wako umehama na yeye ameurudisha kwa sekunde mbili, muulize maswali.

Hii kazi yao ina historia ndefu, ilianzia Marekani mji wa Davenport, mwaka 1895, kwa mtu anaitwa D. D. Palmer aliyemgusa mgongo mfanya usafi aliyekuwa hasikii vizuri, Harvey Lillard. Palmer aliamini karibu kila ugonjwa unatoka kwenye pingili zilizokaa vibaya. Dokta mwenyewe alinieleza haya na akasema hayo ya kila ugonjwa hayana ushahidi, yeye hatibu presha wala kisukari wala pumu kwa kugonga mgongo, anatibu mgongo, shingo na viungo. Akitokea mwingine anakuahidi kukutibia sukari kwa mikono, ondoka.

Siku iliyofuata baada ya mara ya kwanza niliamka mwili unauma kama nimelima, alikuwa ameshanitahadharisha, ikaisha kesho yake. Mara ya pili hakuna tofauti. Mara ya tatu nilivyotoka nikapanda daladala nikakaa mpaka Tabata bila kunyanyuka, nilipogundua nikampigia mume wangu simu. Na dokta aliniambia nimwangalizie kitu kimoja, maumivu yanapoanza kupanda juu, yanatoka unyayoni yanarudi kwenye kigimbi, kwenye paja, mpaka yabaki kiunoni, hiyo ni dalili nzuri hata kama kiuno kinauma zaidi. Yakiteremka ndo mbaya. Kwangu yalianza kupanda wiki ya pili.

Sasa hiki ambacho sikukipenda. Siku ya kwanza nilipotoka kwa dokta, dada wa mapokezi aliniita akaniwekea karatasi, vikao ishirini na nne, milioni moja na laki mbili, "tena tumekupunguzia mama", nilipe leo. Nikamwambia sina. Akasema usipomaliza vikao utaishia kupasuliwa. Mie peke yangu, mgeni, nimetoka mkoa wa mbali, mguu hausikii, unamwambia mtu hivyo? Nilitoka pale moyo unadunda nikaanza kufikiria kuuza cherehani ya pili. Kikao cha pili nikamwuliza dokta mwenyewe, akanyamaza kidogo akasema hapana, tunafanya sita, tunapima tena, kama hakuna mabadiliko nakutuma kwa daktari wa mifupa na MRI, siwezi kukuuzia ishirini na nne wakati sijui kama sita zitatosha. Nimelitafakari sana hili. Dokta ni mwaminifu lakini mlango wake wa mbele unatisha watu, na wapo ambao hawatauliza, wataenda kukopa. Hapo nimewatoa nyota moja na nusu. Kliniki yoyote ya kairoprakta mtakayoenda msilipe kifurushi siku ya kwanza, lipia kikao kimoja kimoja.

Hela: kikao cha kwanza pamoja na vipimo laki moja, vitano vilivyofuata elfu sitini sitini, jumla laki nne. Nauli kwenda na kurudi, chakula, daladala, vingine, ilifika karibu laki saba ya wiki tatu, na nililala kwa mdogo wangu, ningelala gesti ingekuwa hadithi nyingine. Kwa mshono wa sare mnajua hiyo ni kazi ya muda gani.

Je ni kairoprakta aliyenitibu? Nataka niwe mkweli kabisa. Dokta aliniambia watu wengi wenye sayatika ya diski wanapata nafuu kubwa ndani ya wiki sita mpaka kumi na mbili bila kupasuliwa, mwili wenyewe unakila kile kipande kilichotoka na uvimbe unashuka. Mie nilikuwa nimeshavuka miezi minne bila nafuu, ndo maana naamini alinisaidia, ila siwezi kuapa. Mwenyewe alisema kwa maumivu ya mgongo wa chini ushahidi wa kazi ya mikono upo na unalingana na tiba nyingine kama mazoezi, siyo zaidi sana, na kwa sayatika yenyewe ushahidi ni mdogo, kwa hiyo haitakiwi iende peke yake. Hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini umeiweka tiba ya mikono ya uti wa mgongo kwenye orodha ya vinavyoweza kutumika, pamoja na mazoezi na mgonjwa kuelimishwa. Na mwongozo huohuo hauishauri mikanda ya mgongo. Elfu thelathini na tano yangu. Nilikuwa nauvaa kutwa, dokta akasema unailegeza misuli iliyotakiwa ikubebe, vua.

Kilichonibeba zaidi, nikiangalia nyuma, ni yale aliyonipa nifanye mwenyewe. Kutembea, kila siku, dakika kumi kumi mara tatu nne, hata kama kunauma kidogo, kulala kitandani siku nzima alinikataza kabisa. Kulala kifudifudi nikijiinua kwa mikono kiuno kikibaki chini, mara kumi, asubuhi na jioni, hilo kwa sababu kwangu lilikuwa linapandisha maumivu juu, wenye tundu jembamba linaweza kuwaumiza. Na lile la neva, nakaa kwenye kiti, nanyoosha goti huku naangalia juu, nakunja huku nainamisha kichwa, taratibu, ni kama unavuta uzi kwenye tundu la sindano huku na huku ili usikwame, siyo kuuvuta ukatike. Usiwe na pupa kwenye hilo, mie nilizidisha siku moja nikalala nalia.

Niliporudi Kigoma nilikuwa na karatasi ya maelezo, nikaenda nayo hospitali ya Maweni kwenye kitengo cha fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi. Na hapa ndo nataka mnisikie wenye hela ndogo. Dada wa fizio aliisoma ile karatasi, akanipima vilevile, nyundo, vidole, mguu juu, akaniendeleza na mazoezi kwa gharama ambayo siyo ya kulinganisha na Dar. Nilijisikia vibaya kwa kweli, kwa sababu angekuwa ndo mtu wangu wa kwanza mwezi wa kwanza huenda nisingepanda treni. Ilikuwa hapahapa, sikujua kuna kitengo, na wote walionichoma sindano hakuna aliyenielekeza huko. Kwa hiyo mdogo wangu angekuwa ndo anaumwa ningemwambia aanzie fizio, ampe wiki sita za mazoezi ya kweli, kama haisogei na hela ipo na dalili za hatari hazipo ndo aende kwa kairoprakta, na akifika aulize amesomea wapi, hiyo ni shule ya miaka minne na zaidi ya chuo, siyo kozi ya wiki. Mtu wa gym anayevunja watu migongo siyo kairoprakta.

Dalili za hatari niziseme kwa sauti maana kuna mama mmoja alinipigia anasema mguu na mkojo vyote, nikamwambia kata simu nenda hospitali. Ukiwa na ganzi sehemu za siri na kuzunguka haja kubwa, kama pale mtu anapokalia tandiko la baiskeli, ukashindwa kukojoa au mkojo ukatoka wenyewe, haja ikatoka bila kujua, au miguu YOTE miwili ikalegea, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, siyo ya kukandwa wala kusubiri treni, neva zote za chini zimebanwa na usipofunguliwa haraka unaweza usirudi kuwa kama zamani. Na mgongo unaouma usiku kuliko mchana, na homa za jioni, kukonda, kikohozi, nenda kapime TB, TB inakula pingili, na pingili iliyoliwa mtu akikusukuma kwa nguvu anakuvunja kweli. Waliowahi kupata kansa, wazee ambao mifupa imelainika, wanaotumia dawa za kuyeyusha damu, mwambieni mtoa huduma kabla hajawagusa. Ambaye mguu unazidi kukosa nguvu, unaburuza unyayo, huyo ni wa kwenda kwa daktari na MRI, asikae nyumbani.

Dukani nimebadilisha. Stuli nimeiondoa, nimetengenezewa kiti na fundi seremala wa pale nyuma, nyonga zinakaa juu kidogo ya magoti. Pasi ya mkaa ilikuwa mkono wa kulia naifikia bila kunyanyuka, nimeihamishia ukuta wa pili, kwa hiyo kila pindo nikimaliza lazima nisimame nitembee hatua sita, siku nzima zinakuwa hatua nyingi sana. Majora ya kitambaa hayakai chini tena, yako usawa wa kiuno. Madumu ananyanyua kijana.

Nyota nawapa tatu na nusu kati ya tano, dokta peke yake ningempa tano. Leo ni mwezi wa tatu toka nirudi. Kisigino cha kulia bado hakiruki kikigongwa, fizio anasema hicho kinaweza kuchelewa sana au kisirudi na siyo kitu cha kunisumbua, lakini kwa vidole napanda mara tisa, na juzi nashona peku nikasikia matundu ya pedali, moja moja, chini ya unyayo mpaka kwenye kidole kidogo. Nikasimamisha mashine nikakaa tu nayakanyaga.

Mwenye swali apite dukani mchana, simu za usiku siwezi tena, nalala.